Nadhiri Iliyolishwa Yuria

Nyasi zikizidi kuwa kijani, mimi huona kinyaa. Wengine husimama kando ya shamba wakasema mashallah, wakatoa simu wakapiga picha. Mimi huziba pua nikatafuta pa kutemea mate. Tabia hii nimeipata mwaka huu, hapahapa Mtongwe, kwenye malisho aliyotuachia baba yetu mimi na ndugu yangu Yeslam, na sitaki mtu aniambie kwamba nazidisha mambo.

Lakini nianze na nadhiri, maana bila hiyo nadhiri ningechukizwa kimyakimya, kama mwanamke mwengine yeyote mwenye ndugu mjinga.

Binti yangu Raghad alipojifungua mtoto wake wa kwanza alishikwa na kifafa cha uzazi. Nilimwona kwa macho yangu akitetemeka kitandani, meno yameumana, povu mdomoni, wauguzi wakinisukuma nitoke nje. Nikakaa kwenye benchi la ukumbini na nikasema kwa sauti, watu wanasikia: Ya Rabbi, nirudishie Raghad, nami dume atakayezaliwa na Marjani nitamchinja niwalishe watoto wa madrasa washibe. Marjani ni ng'ombe wangu, na siku hizo alikuwa na mimba. Raghad akazinduka. Marjani akazaa dume. Tukampa jina Mabruki.

Kwetu nadhiri si mdomo mtupu. Mnyama wa nadhiri hachinjwi ndama, huachwa hadi atimize miaka yake miwili. Na nyama yake mwenye nadhiri haonji, yeye wala watu wake. Ni haki ya wale aliowawekea. Basi nikamlea Mabruki nikingoja. Kabla hajatimiza umri huo, Raghad akashika mimba nyingine. Aliponiambia nilicheka, nikamkumbatia, nikaenda chooni nikalia. Wazee wetu walituambia kuwa nadhiri isiyolipwa humfuata yule aliyewekewa, na mimi, pamoja na simu yangu na miwani yangu, nayaamini hayo. Nilitaka jambo moja tu duniani: Mabruki achinjwe mzima na mnono, watoto wale nyama safi, na iwe hivyo kabla Raghad hajaingia tena chumba cha kuzalia.

Malisho yetu ni ardhi inayoteremka kuelekea majini. Huku juu pana ukoka, na kule chini kwenye unyevu pana nyasi ndefu za mashina manene. Baba alikuwa ameyagawa kwa nyua. Ng'ombe wakilishwa upande mmoja, pande nyengine zinapumzika. Kipimo chake kilikuwa fundo la mguu: nyasi zikishaliwa hadi hapo, ng'ombe wanahamishwa, hata wakikulilia. Alikuwa akituambia kwamba jani ndilo mkono wa nyasi, ndilo zinalolia chakula chake; ukizikata mikono yote, zitakula kwa mkono gani? Sisi watoto tulikuwa tukicheka. Yeslam alicheka zaidi, na nadhani hajaacha.

Yeslam ana duka la rangi na misumari huko Likoni, na ana simu kubwa. Kwa simu hiyo ameshakuwa mhandisi wa visima, ameshakuwa tabibu wa kisukari, na mwaka huu akawa mfugaji. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na ndugu yangu ana upara. Aliona watu wa ng'ambo huko wanaonenepesha ng'ombe tele mahali padogo, akaingiwa na wazimu. Akaleta madume kutoka Tana ya kunenepeshwa kwa ajili ya Idi ya kuchinja. Lori likaja, likaja jengine, na jengine. Nyua za baba akazing'oa.

"Ng'ombe si wafungwa, dada," aliniambia. "Waache wale watakapo."

Wakala watakapo. Wakala ukoka wakaumaliza, wakala vichipukizi, wakang'oa na mizizi wakaitafuna pamoja na mchanga. Haukupita muda malisho ya baba yakawa uwanja wa mavi. Ukikanyaga, ndara inabaki nyuma na mguu unatoka mtupu, na baina ya vidole kuna kitu sitaki kukitaja. Nzi walikuja jeshi zima. Ukimimina chai, wanakunywa wao kwanza. Madume yenyewe mbavu ziko nje, yanasimama yameinamisha vichwa, yanalambana mikia. Nilichukia. Si kuchukia kwa hasira tu. Nilichukia kwa tumbo, chakula kikawa hakipiti.

Nilimwambia Yeslam apunguze ng'ombe. Akaniambia tatizo si ng'ombe, tatizo ni nyasi, hazina nguvu. Akaleta magunia ya yuria, ile mbolea ya dukani, punje nyeupe kama chumvi. Akamwita Tsofa, mchungaji wetu, mtu mzima mwenye wajukuu huko Shika Adabu.

"Nimwage kiasi gani, bwana?" Tsofa akamuuliza.

"Mwaga mpaka nione weupe."

"Weupe wapi?"

"Weupe kote! Wewe kila neno lako ni swali."

Tsofa akamwaga. Ikanyesha mvua moja nzuri, ikaiyeyusha yote, kisha mawingu yakaondoka na jua likakaa. Yeslam alikuwa amewazuia madume boma dogo la juu, akiwapa makapi, ili nyasi zipate kuchipua. Na zikachipua. Sitasema uongo, zilichipua, hasa zile ndefu za bondeni. Zilitoka na ukijani unaokaribia weusi, laini, mbichimbichi, unazishika zinateleza mkononi kama ngozi ya mtu mwenye homa. Kisha jua likazikausha ncha zikalegea, lakini shina chini likabaki jeusi vilevile. Nilikata moja nikainusa. Harufu ya choo cha hospitali. Yeslam yeye alisimama katikati akajipiga picha, akawatumia jamaa wote, hata wa Mkomani ambao hatusalimiani nao.

"Umeona? Umeona dada? Na bado, nitaongeza gunia."

"Hizi nyasi zanitia kinyaa, Yeslam."

"Wewe kila kitu chakutia kinyaa. Hata harusi ya kwangu ulisema biriani ina nywele."

Ilikuwa nayo. Lakini tuyaache hayo.

Alipoyafungulia madume, mavi yao yakawa maji. Yaliwachuruzika hadi kwenye vifundo, ya kijani, na uvundo wake ulikuwa wa namna nyengine kabisa. Mimi nimekua na ng'ombe, samadi si kitu cha kunitapisha, hii ilinitapisha. Nikamtoa Mabruki nikamfunga uani kwangu, nikawa namkatia nyasi za kawaida, zile zinazoota kando ya barabara ya Dongo Kundu bila kusaidiwa na mtu. Alikuwa ananawiri polepole, manyoya yake yanang'aa. Yeslam akija uani huzunguka akimtazama kama anayekagua gari bovu.

"Huyu mwembamba. Watu wataambiana nini? Kwamba watoto wa marehemu wametoa nadhiri ya mifupa?"

"Watoto wa madrasa hawali mafuta, wanakula nyama. Mwache."

"Mpe siku chache tu bondeni."

"Yeslam, huyu si wako. Huyu si wangu pia. Mwache."

Mabruki alipotimiza miaka yake miwili, karamu tuliipanga iwe Ijumaa, baada ya sala. Mwalimu wa madrasa akawatangazia watoto. Nadhira, jirani yangu, ambaye mikono yake ndiyo inayopika kila shughuli hapa mtaani na ambaye wanawe wanasoma madrasa hiyohiyo, akaazima masufuria makubwa. Jumatano nikavuka kwenda Kisauni kumtazama Raghad, miguu ilikuwa imemvimba, nikalala kwake. Nilimwambia, kesho kutwa nadhiri yako inalipwa, mwanangu, uzae kwa amani. Akacheka akasema, mama, mimi nilishakuwa na amani, ni wewe tu.

Alhamisi asubuhi nikarudi. Tsofa alikuwa ananingoja nje ya lango, kofia mkononi.

"Mama, kimbia. Mabruki hasimami."

"Yuko wapi?"

"Bondeni. Bwana alimfungua jana ulipoondoka. Alisema ashibe siku yake ya mwisho."

Nilikimbia na buibui langu nikaliacha kwenye mwiba. Mabruki alikuwa amelala ubavu kwenye ile nyasi nyeusi, anahema mbiombio, miguu inatetemeka. Kumzunguka nyasi zilikuwa zimeliwa hadi chini kabisa. Madume yenye njaa yalikuwa yamemsukuma, yakagombania naye mpaka vishina. Nilimfunua mdomo. Ufizi wake, uliokuwa wa waridi juzi, ulikuwa na rangi ya zambarau lililooza. Hatua chache kutoka hapo dume la Tana lilianguka kwa magoti, kana kwamba linataka kusali.

Yeslam alikuwa anapiga kelele kwenye simu. "Mussab! Yuwapi Mussab? Aje na kisu, mbio! Asitufie akawa mzoga!"

Hapa ndipo upo ujinga wetu sisi, na nausema mimi niliye mmoja wao. Mtu mwengine akiona mnyama anakufa ghafla huuliza, anakufa kwa nini? Sisi huuliza, kisu kiko wapi? Maadamu koo limekatwa na roho imo, jina la Mungu limetajwa, basi tunashusha pumzi, tunaona tumeokoa kila kitu. Tumeokoa nini? Hatuulizi.

Mussab mchinjaji ni mtu wa karibu, akafika mara moja. Wakamwelekeza Mabruki kibla. Mimi nilimshika kichwa, nilimwambia maneno ambayo ni yangu na yake. Mussab akasema bismillahi, Allahu akbar, akapitisha kisu.

Damu ikatoka. Haikuwa nyekundu. Ilikuwa ya hudhurungi, imekolea, rangi ya kahawa tungu ilivyo kwenye kikombe. Ikanimwagikia mikononi, ya moto, na sikuwa na pa kukimbilia kwa sababu nilikuwa nimemshika. Tangu siku hiyo kahawa sinywi.

Mussab akaruka nyuma. "Audhubillahi! Damu gani hii?"

"Damu ni damu," Yeslam akasema. "Amewahi au hakuwahi?"

"Amewahi. Lakini mimi nimechinja miaka yote hii, damu hii siyui."

"Amewahi, basi. Alhamdulillahi. Mchune."

Mimi ndiye niliyempigia simu daktari wa mifugo. Jina lake Jael, mwanamke wa bara aliyehamia Likoni, hana maneno mengi. Alikuja kwa pikipiki, akaitazama ile damu iliyoganda mchangani, akainama akang'oa shina moja la nyasi, akalipasua kwa ukucha. Akauliza tumetia mbolea gani, kiasi gani, lini. Yeslam akasema kidogo tu. Tsofa akasema, "Mpaka kukawa kweupe."

"Kukawa kweupe!" Jael akarudia. "Sasa sikieni. Nyasi zinakunywa hii yuria zikitengeneza nayo chakula. Ukizipa nyingi kupita kiasi, halafu mvua ikatike, zinashindwa kuimaliza. Inabaki ndani kama sumu, na inabaki zaidi hapa chini kwa shina. Ng'ombe akiwa na nafasi anakula majani ya juu, anaacha shina. Nyinyi mmejaza ng'ombe mpaka wakala shina. Sumu inaingia kwa damu, damu inashindwa kubeba hewa. Mnyama anakufa kama mtu amezibwa pua."

"Lakini nyasi zenyewe nzuri, daktari, zina nguvu," Yeslam akasema. "Tazama rangi!"

"Mzee, zingekuwa na nguvu kama ungetia kidogo na upunguze ng'ombe. Sasa hivi hizi ni sumu ya kijani." Alikuwa tayari anavuta dawa ya buluu kwenye sindano, analiendea lile dume lililopiga magoti. "Wote watoke hapa. Tsofa, wapeleke juu, polepole, usiwakimbize. Na hiyo nyama isiliwe na mtu yeyote. Mzike. Hata mbwa msiwape."

"Lakini imechinjwa," Yeslam akasema.

"Mimi sijakuuliza kama imechinjwa. Nakwambia imekufa na nini."

Akabaki na Tsofa bondeni wakashughulika na madume. Mengine aliyaokoa, mengine hayakusimama tena. Sikuyaonea huruma yale ya Tana, Mungu anisamehe; nilikuwa na langu.

Niliporudi uani nikakuta nyama ya Mabruki imeshatundikwa. Ilikuwa nyeusi ya kunatanata, mafuta yake kidogo yalikuwa na rangi ya kutu. Nadhira na wanawake wengine walikuwa wamekaa kwenye mkeka wanamenya vitunguu, wanaitazama kwa pembe ya jicho. Nzi walikuwa wanatua na kuondoka. Nzi wale wale walioinywa chai yangu, hii waliionja wakaondoka, wallahi sitilii chumvi.

Yeslam akanivuta pembeni.

"Sikia, dada. Tuioshe kwa siki na ndimu, mara mbili, mara tatu. Ikishapata bizari na vitunguu vya kukaanga hakuna atakayejua. Daktari ni mtu wa serikali, kazi yake kuogofya."

"Umesikia alivyosema."

"Nimesikia. Na wewe sikia. Watoto wamealikwa. Mwalimu ametangaza mbele ya watu. Masufuria ndiyo haya. Leo tukasema hakuna, uso wetu tutauweka wapi?"

"Nitanunua ng'ombe mwengine."

Akanitazama kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyonitia kichefuchefu zaidi. Akasema polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto juzuu:

"Mwengine hafai, Shaza. Wewe hukusema nitachinja ng'ombe. Ulisema dume la Marjani, ukamtaja, watu wakasikia. Ndiye huyu, kachinjwa kwa jina la Mungu. Akiliwa, nadhiri imetimia. Akizikwa, haikutimia. Na Raghad karibu atazaa."

Sitajifanya shujaa. Alikuwa ameuweka mkono wake penye kidonda changu na anabonyeza. Nilimwona Raghad kwenye kile kitanda, nikaona povu, nikasikia meno. Kwa kitambo, pale karibu na pipa la maji, nilikuwa ninafikiri: siki, ndimu, bizari nyingi. Wataumwa na matumbo, watapona. Watoto wa watu hupona. Kisha nikasikia nilichokuwa ninafikiri, na nikajiona kinyaa mwenyewe, kinyaa kuliko kile cha nyasi na mavi na nzi.

"Na wewe utakula, Yeslam?" nikamuuliza.

"Mimi?" Uso wake ukafunguka, ukapata raha. "Mimi vipi? Nadhiri hailiwi na wenyewe. Mimi na wewe haituhusu. Wajua wewe hukumu yake."

Hilo ndilo. Angekuwa mwendawazimu ningemsamehe. Angekuwa na njaa ningemsamehe. Lakini alikuwa ameshapiga hesabu kwamba kwenye sinia lile mkono wake hautaingia, kisha akaona mambo ni sawa. Sheria iliyowekwa ili mtoaji asijirudishie alichokitoa, yeye amejificha nyuma yake kama mwizi nyuma ya mlango wa msikiti.

Nikaenda nikasimama mbele ya mkeka wa vitunguu, mikono yangu bado na damu imekauka, na nikapaza sauti.

"Nadhira, na nyote, mushuhudie. Nyama hii naitoa kwenye nadhiri. Si ya nadhiri tena. Deni la Mungu libaki shingoni mwangu. Nyama hii kuanzia sasa ni kitoweo cha nyumba yetu, na mwanamume wa nyumba yetu ni ndugu yangu. Mussab!"

"Naam, mama."

"Mchomee ini."

Mmewahi kuhudhuria machinjo? Ini ndilo la kwanza. Kabla ya pilau, kabla ya kugawa, ini huchomwa palepale kwenye makaa, na mwenye shughuli hupewa kipande cha kwanza. Hakuna anayekataa ini. Mussab akanitazama, akamtazama Yeslam, akachukua kipande cheusi akakiweka juu ya makaa. Moshi ukatoka. Ulinuka kama kutu iliyomwagiwa mkojo. Mwanamke mmoja akaziba pua kwa leso.

Mussab akakiweka kwenye sahani na chumvi pembeni, na ndimu, vizuri kabisa. Nikaichukua mimi, nikampelekea kwa mikono miwili kama inavyompasa kaka wa nyumba.

"Bismillahi, Yeslam. Imeshachinjwa. Halali yako."

Akaitazama sahani. Akacheka kidogo. Hakuna aliyecheka naye.

"Leo Alhamisi," akasema. "Nimefunga."

Nadhira akainua kichwa kutoka kwenye vitunguu, machozi yanamtoka kwa ukali wake. "Umefunga? Mahamri yangu asubuhi nani kayala?"

"Nilisahau."

"Na chai mbili?"

"Nadhira, haya ni mambo ya nyumbani."

"Ya nyumbani? Wanangu wamelala wakiimba pilau ya kesho. Kula basi tuone. Kipande tu."

Sahani ilikuwa baina yetu. Ncha ya kidole cha Yeslam ikagusa ini, ikarudi, akaipangusa kwenye kanzu, ikaacha alama ya hudhurungi.

"Hii mimi siili," akasema.

Alisema kwa sauti ndogo, lakini kila mtu alisikia. Nadhira akaweka kisu chini. Akainuka, akajikung'uta maganda, akaanza kukusanya masufuria yake moja moja, yakigongana kwa kelele. Alipopita mbele ya Yeslam akatema mate chini, karibu na viatu vyake, si juu yake. Ni mwanamke mwenye adabu.

Yeslam akaingia ndani ya gari lake. Huko ndani nilimwona ameshika simu, na nikafikiri pengine anatafuta kwenye hiyo simu yake jinsi ya kuondoa aibu.

Tulichimba shimo upande wa juu, mbali na kisima. Mussab alichimba, Tsofa alikuja akamsaidia. Nyama niliibeba mimi. Nilikataa kusaidiwa. Niliikumbatia paja kwa paja, ikanipaka kifuani, ikateleza, nikaiokota na mchanga wake. Huyu ndiye niliyemkatia nyasi kwa mkono. Huyu ndiye aliyekuwa akiniramba kiganja akitafuta chumvi. Sasa nilikuwa ninamchukia, ninachukia uzito wake, harufu yake, jinsi alivyokuwa akininata, na nilikuwa nikilia kwa sababu hakuwa na kosa lolote isipokuwa kula alichopewa.

Sikumsikia Raghad akiingia. Sijui nani alimwita. Nashuku mjomba wake, akitaka kunitisha kwa mimba ya mwanangu. Alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo, amevimba uso, ameshika kiuno.

"Mama. Ndiye Mabruki huyu?"

"Ndiye."

"Mjomba aniambia ukimzika hujalipa."

Niliteremka shimoni na paja la mwisho, nikalilaza. Nilikuwa nimetayarisha maneno tangu asubuhi, kwamba Mungu ni mwingi wa rehema, kwamba nitamuuliza kadhi, kwamba Marjani atazaa tena. Nilimtazama mwanangu nikaona kuwa anaogopa. Yeye, aliyekuwa akinicheka kwa nadhiri zangu, alikuwa anaogopa.

"Na mimi je?" akaniuliza.

"Siyui, mwanangu."

Akaitazama ile nyama, pua yake ikakunjana. Kisha akainama kwa taabu, mkono mmoja umeshika tumbo, akachota mchanga kwa kiganja, akautupa shimoni.

"Mwenyezi Mungu ikiwa aliniponya ili watoto wa watu walishwe hii," akasema, "basi na anichu—"

Nikaruka kutoka shimoni nikamziba mdomo asilimalize neno. Nilimziba kwa nguvu, kwa mkono ule ule, na nilipotambua damu ya Mabruki ilikuwa tayari imempaka mashavuni, midomoni, hadi kidevuni. Hakuusukuma mkono wangu. Alinitazama tu juu ya vidole vyangu, na pumzi yake ya moto ilikuwa inapita katikati ya ile harufu.

Nilipomwachia, alitema, akajipangusa kwa mtandio.

"Fukia, mama," akasema.

Nikafukia.